Paa Linaelea, Mama

Mjomba wangu ni seremala wa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na laptopu kwake ni sahani ya kioo tu. Nilimwita dukani, hapa Ngamiani, Tanga, ninapochapa barua na kuchora ramani za nyumba, nimwoneshe kazi ya bi mkubwa mmoja wa Mwanzange. Akafumba jicho moja kama anayekagua mbao iliyopinda, akaitazama skrini, akasema, “Paa linaelea, mama.”

Nikabisha. Kisha nikaizungusha nyumba, nikakuza kwenye kona ya mbele. Kweli, kati ya kichwa cha ukuta na bati palipita mwanga, shubiri na ushee. Na bi mkubwa alikuwa aje saa kumi alasiri kuchukua karatasi zake.

Kazi yenyewe ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, mita 8 kwa 12 kutoka nje hadi nje, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele. Nyuma, kwenye kona, anaongeza banda la wapangaji lenye upana wa mita 5, nyumba iwe na umbo la L. Kuta nachora kwa Sweet Home 3D, programu ya bure isiyoitesa kompyuta kuukuu kama yangu. Paa nachora kwa SketchUp Make ya 2017, toleo la mwisho la bure la kusakinisha kwenye mashine, kisha naliingiza kwenye nyumba kama ninavyoingiza kabati. Ukitumia programu nyingine vitufe vitakuwa na majina mengine, ila hesabu zitabaki hizi hizi.

Anza chini

Paa likikataa kukaa, usiliguse kwanza. Shuka kwenye kuta. Mimi nimewahi kupoteza jioni nzima nikisukuma bati kulia na kushoto, kumbe nyumba iliyo chini yake ndiyo fupi.

Ufupi huo una njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni picha ya ramani. Wengi tunapiga picha ya mchoro wa mkono, tunaiweka chini, tunachora kuta juu yake. Programu inakuomba uoneshe mstari mmoja ambao urefu wake unaujua. Nilikuwa nachagua mlango, kwa kuwa unaonekana wazi: sentimita 90. Mkono ukiteleza sentimita 2 hapo, ukuta wa mita 12 unatoka na kosa la karibu sentimita 27. Chagua ukuta mrefu kuliko wote, kuza mpaka mstari wa kalamu uwe mnene kama kamba ya mkonge, ndipo uweke ncha zako. Kosa lile lile la sentimita 2 kwenye mita 12 hata fundi mwenyewe hatalihisi.

Njia ya pili ni unene. Sweet Home 3D inaanza na ukuta wa sentimita 7.5, ambao kwetu labda ni wa mabanzi. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15, weka plasta ndani na nje, mimi naandika 18. Ukipewa nyumba ya mawe ya zamani, kama zile za mji mkongwe wa Bagamoyo, andaa nusu mita, na usitegemee unene uwe mmoja kutoka kona hadi kona. Pima kwenye kila dirisha, maana hapo ukuta unajionesha wenyewe.

Sasa sikiliza hili, linawaponza hata wazoefu. Urefu unaouandika unapochora si wa ndani wala wa nje, ni wa mstari unaopita katikati ya ukuta. Chumba ulichokipima kwa ndani mita 3 kwa 3.5, ukikichora 300 kwa 350, kitapungua sentimita 18 kwa urefu na 18 kwa upana. Chora 318 kwa 368. Ukisahau kwenye vyumba vitatu vilivyofuatana, umeibiwa sentimita 54 na hujui aliyekuibia. Ukija kuweka paa la kipimo sahihi juu yake, litaning'inia upande mmoja, nawe utalilaumu paa.

Ukibofya mara mbili ndani ya chumba na sakafu isijae, ipo kona haijafunga. Kuza hadi uione, chagua kuta zote mbili, tumia amri ya kuziunganisha. Ncha ikiwa inaruka kila unapoikaribisha, ni kwa sababu programu inavuta mistari kwenye hatua za digrii 15. Kwenye Windows shikilia Alt utulize hiyo sumaku, au bonyeza Enter katikati ya kuchora uandike urefu na pembe kwa namba. Mimi naandika, kipanya changu kimezeeka.

Rangi ya sebuleni ikitokea nje ya nyumba, ukuta ulichorwa kinyume. Kushoto na kulia kwa ukuta kunategemea ulianzia wapi. Geuza mwelekeo wake, basi.

Gebo lililobonyea

Mwisho wa banda una gebo, ule ukuta wa pembe tatu unaopanda hadi kwenye mwamba wa paa, yaani mstari wa juu kabisa ambapo pande mbili za paa zinakutana. Programu inaruhusu ukuta wa mshazari, yaani kimo cha mwanzo tofauti na kimo cha mwisho, ila ukuta mmoja hauwezi kupanda na kushuka. Ukate katikati upate vipande viwili.

Kimo cha kilele hakikisiwi. Tuliafikiana na mjomba mteremko wa digrii 25, na kwa digrii 25 kila mita moja ya kwenda ndani bati linapanda sentimita 46.6. Banda lina mita 5, nusu yake 2.5, kwa hiyo linapanda sentimita 117 hivi. Kuta zina 300, kilele kiko 417.

Nikaandika namba, nikageuza picha, gebo likatoka limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Namba zilikuwa sawa, nilikuwa nimezipachika kwenye ncha zisizo zake. Mwanzo wa ukuta ni pale ulipobofya kwanza. Ukichora kutoka kushoto kwenda kulia, nusu ya kwanza ni 300 kwenda 417, ya pili ni 417 kwenda 300. Ukiona bonde mahali pa kilele, badilishana namba hizo, usifute ukuta.

Vipaa na visusi

Nyumba kubwa haina gebo, inateremka pande zote nne. Bibi yangu, aliyekulia chini ya makuti, aliziita pande ndefu vipaa na za mwishoni visusi, nami nayatumia majina hayo hadi leo kwa sababu yanaeleza kila kitu. Mteremko ukiwa mmoja pande zote, urefu wa mwamba wa juu ni urefu wa nyumba ukitoa upana wake: 12 toa 8, mita 4. Pima mwamba kwenye mchoro wako. Usipopata 4, kisusi kimoja kina mteremko tofauti na vipaa, na hakuna haja ya kuendelea mpaka ukirekebishe.

Kwenye kiungo cha L ndiko kwenye kelele. Bi mkubwa alitaka mwamba wa banda ulingane kimo na wa nyumba kubwa, “upendeze.” Nyumba kubwa inapanda sentimita 187, banda 117. Tofauti ni 70, na haiondoki kwa kupenda. Ukilazimisha banda lifike 187, mteremko wake unakuwa karibu digrii 37, na bonde la kukutania mapaa mawili halikai tena kwenye digrii 45 ukilitazama kutoka juu. Kwenye skrini unaweza kuvumilia. Kwa anayekata bati la bonde juani ni adhabu. Acha mwamba wa banda uwe chini, uingie ndani ya paa kubwa mita 2.5 kamili kutoka kwenye mstari wa ukuta. Ukiishia kabla ya hapo utaona tundu, ukizidi utachomoza ndani ya dari.

SketchUp nayo ina tabia yake. Ukifunga mistari minne na uso usijazwe, ncha moja haiko kwenye bapa moja na wenzake, hata kama macho yanakuambia iko. Futa mstari unaoushuku, uchore upya huku umefunga mwelekeo kwa vitufe vya mishale: cha juu kwa mstari wa wima, cha kulia kwa mhimili mwekundu, cha kushoto kwa wa kijani. Kabla ya kuanza paa, zifanye kuta kuwa kundi. Usipofanya hivyo, mistari ya paa inagandamana na ya ukuta, na siku utakayolisogeza paa utaondoka na ukuta mzima.

Ile shubiri na ushee

Turudi kwa mjomba. Bati halikomei ukutani, linatoka nje sentimita 60 ili maji yasipige plasta. Nalo likitoka linaendelea kuteremka: 60 mara 0.466, sentimita 28. Mimi nilipoingiza paa, programu iliponiuliza kimo kutoka sakafuni nikaandika 300, kimo cha ukuta. Lakini kimo inachokitaka ni cha sehemu ya chini kabisa ya kitu, na sehemu ya chini kabisa ya paa ni ule ukingo wa nje, si pale linapokaa juu ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta. Nilipaswa kuandika 272. Nikaandika, paa likakaa. Vipande vyote viwili, la nyumba na la banda, vina kimo hicho hicho kwa kuwa vinatoka nje sawa.

Hapo hapo kagua upana. Paa la nyumba kubwa ni sentimita 920 kwa 1320, kwa sababu ya hizo 60 za kila upande. Ukiandika 800 huku umeacha alama ya kulinda uwiano, paa zima linasinyaa, mteremko unabaki sahihi, na unakaa unashangaa kwa nini kuta zinachungulia nje ya bati.

Ukuta ukichungulia juu ya bati ni kisa kingine: mara nyingi ni gebo la zamani ulilosahau kulishusha ulipobadili kuwa kisusi. Uso ukimetameta unapozungusha picha, nyuso mbili zimelala mahali pamoja. Sogeza moja sentimita 1. Na paa lipe ghorofa yake peke yake kwenye mchoro, ulifiche unaporudi kupanga vyumba.

Wanaotaka zile nyumba za kontempo, paa limefichwa nyuma ya ukuta, nawachorea kwa kuwa ndio wanaolipa. Kuzichora ni rahisi kabisa. Tabu huanza masika, maji yakikwama nyuma ya ukuta, na kwa chumvi ya bahari yetu hii bati halichelewi kula kutu.

Mjomba aliporidhika aliniuliza kitu kimoja, urefu wa mbao ya mteremko kutoka mwambani hadi ukingoni. Mita 4.6 zikipimwa kwa usawa, yaani 4 za nusu ya nyumba na 0.6 za nje, gawa kwa 0.906, ambayo ni kosaini ya digrii 25. Nikamwambia tano na sentimita nane. Akaandika kwa penseli ya useremala kwenye kiganja.

Saa kumi bi mkubwa akaingia, shikamoo, marahaba, akaketi, akavaa miwani. Akaitazama nyumba yake pande zote, akaweka kidole mbele ya mlango. “Na baraza langu mwaliachia mvua?”

Baraza lina upana wa mita 1.2 na bati letu linatoka nje 60. Hakuna aliyesema neno. Nikafungua SketchUp tena, nikavuta ukingo wa mbele hadi 120: mara 0.466, sentimita 56. Ukingo wa mbele unashuka hadi 244, na kimo cha kuingizia paa la nyumba kubwa kinakuwa hicho 244, si 272 tena. Mjomba akasimama chini ya fremu ya mlango wa duka, akainua mkono juu ya kofia yake, akapima kwa macho.

“Napita,” akasema. “Hata na ngazi begani.”