Jinsi ya kusoma kompyuta ya gari kwa laptopu kabla hujanunua spea

Dereva mmoja wa gari la kukodi alinijia gereji hapa Tororo na Toyota Wish ambayo taa ya injini ilikuwa haizimiki. Lilikuwa limeshapita kwa fundi mwingine. Yeye alichomeka mashine, akasoma msimbo wa hitilafu P0171, akasema sensa ya oksijeni, kile kihisi kinachopima oksijeni kwenye moshi, imekufa. Mzee wa watu akatuma pesa Kampala, sensa ikaletwa kutoka soko la spea la Kisekka, ikafungwa. Siku ya pili taa ikarudi. "Fundi," akaniambia, "hii taa imenilia ada ya mtoto."

Msimbo wenyewe ulikuwa sahihi. P0171 husema hewa ni nyingi kuliko mafuta upande wa kwanza wa injini. Haisemi sensa imekufa. Sensa ndiyo iliyoleta habari hiyo, na wazee walisema mjumbe hauawi. Ukiishia kwenye msimbo utanunua spea kwa kubahatisha, ila ukisoma na namba zinazopita ndani ya kompyuta ya injini, gari lenyewe litakuonyesha lilipoumia. Kwa kazi hiyo laptopu yoyote inatosha, hata ya zamani.

Hatua ya 1: Jua gari linaongea lugha gani

Chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti, tafuta soketi yenye matundu 16. Hiyo ndiyo OBD2, mlango wa kusomea kompyuta ya gari. Marekani iliilazimisha kwa magari ya modeli ya 1996. Ulaya ilifuata kwa petroli 2001, kwa dizeli 2004. Magari yetu mengi hapa Uganda yametumika Japani kwanza, na huko utaratibu huu ulichelewa. Kwa hiyo utakutana na Toyota ya miaka ya 1990 yenye soketi hiyo hiyo, lakini ukiisemesha kwa lugha ya kawaida inanyamaza. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, yanayoingia sasa karibu yote hujibu.

Kabla ya kuchomeka chochote, chukua mita upime kati ya tundu la 16 na la 4. La 16 ni chanya ya betri, la 4 na la 5 ni hasi. Usipopata volti 12 hapo, tafuta fyuzi iliyoungua, na mara nyingi nimeikuta iliungua siku mtu alipofunga redio. Matundu ya 6 na 14 ni ya CAN, lugha ya magari mapya. Tundu la 7 ndilo la lugha ya zamani kidogo, ISO 9141 na KWP.

Gari likikataa kabisa kuongea na ni Toyota ya zamani, usikate tamaa. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Mara mbili, ikatulia, tena mara mbili: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa haraka haraka bila kutulia, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kwa Toyota Corona na wenzake wasio na soketi ya ndani, kuna kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na hapo unaunganisha TE1 na E1. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kugusa, maana ukikosea ukashika la 16 unaunguza waya.

Hatua ya 2: Pata kebo ya kuaminika

Kifaa cha bei nafuu cha kuunganisha soketi hiyo na laptopu kinaitwa ELM327. Chipu yake ilibuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, na nyingi zinazouzwa mitaani ni nakala. Nakala siyo dhambi, zipo zinazofanya kazi vizuri. Shida ni zile zilizopunguzwa: zinaongea CAN tu, na ukizichomeka kwenye gari la 2003 linalotumia tundu la 7 zinakuambia UNABLE TO CONNECT, nawe unaanza kuilaumu kompyuta ya gari. Maandishi ya "v1.5" kwenye boksi yasikushawishi, kwa sababu Elm haikuwahi kutoa toleo hilo. Mwombe muuzaji uijaribu kwenye gari la zamani kabla ya kulipa.

Mimi nachagua ya USB. Ya Bluetooth ni sawa, nywila yake huwa 1234 au 0000, lakini kwenye gereji yenye vumbi na simu kumi waya haupotezi mawasiliano.

Hatua ya 3: Laptopu iione kebo

Kwenye Windows fungua Device Manager, utaona kebo chini ya Ports ikiwa na namba, tuseme COM5. Fungua PuTTY, programu ya kuitumia kebo amri, chagua Serial, andika COM5 na kasi 38400. Ukipata herufi za ajabu, jaribu 9600 au 115200.

Kwenye Linux kebo huitwa /dev/ttyUSB0. Ukikataliwa ruhusa, andika sudo usermod -aG dialout $USER, utoke na uingie tena. Ubuntu 22.04 ina jambo lililonipotezea mchana mzima: kebo yenye chipu ya CH340 inaonekana kisha inatoweka, kwa sababu programu ya brltty, ya kuwasaidia wasioona kusoma skrini, inaidhania ni kifaa chake. Kama huitumii, iondoe na kebo itatulia.

Hatua ya 4: Lisalimie gari

Gari liwe limeegeshwa, breki ya mkono juu, mahali penye hewa kama utawasha injini. Swichi iwe ON. Andika amri hizi moja moja, kila moja ikifuatwa na Enter:

ATZ
ATE0
ATSP0
ATRV
0100

ATZ huamsha kebo, nayo hujitaja jina. ATE0 huizuia isirudie unachoandika. ATSP0 huiambia itafute lugha yenyewe. ATRV hukupa volti za betri. Injini ikiwa imezimwa natarajia karibu 12.5, ikiwaka kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 11 na kitu, chaji betri kwanza, maana betri iliyolegea huzalisha misimbo ya uongo hadi utachanganyikiwa. Ukituma 0100 utaona SEARCHING, kisha mstari unaoanza na 41 00. Umekubaliwa. ATDP itakuambia ni lugha gani imepatikana.

Hatua ya 5: Soma misimbo, uiandike, usiifute bado

Andika 03. Wish ya yule mzee ilijibu:

43 01 71 00 00 00 00

43 maana yake ni jibu la 03. Baada yake misimbo huja kwa jozi, na 01 71 ni P0171. Gari la CAN huongeza namba ya idadi kabla ya misimbo, kwa hiyo 43 02 01 71 03 01 ni misimbo miwili: P0171 na P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Kisha andika 07 uone hitilafu zinazonyemelea ambazo bado hazijawasha taa.

Sasa shika daftari. Wakati taa ilipowaka, kompyuta ilipiga picha ya hali ya injini dakika ile. Isome kwa 020500 kwa joto la maji, 020C00 kwa mizunguko, 020D00 kwa mwendo. Picha hiyo hukuambia kama shida ilitokea injini ikiwa baridi imesimama stejini, au ikiwa moto inapanda mlima. Mafundi wengi hukimbilia kufuta, na wakifuta wametupa ushahidi wote.

Hatua ya 6: Namba zinazotembea

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Majibu huja kwa hesabu ya kumi na sita. Kikokotoo cha laptopu kikiwekwa upande wa Programmer kinabadilisha. Andika 0105, upate tuseme 41 05 7B. 7B ni 123, toa 40, joto la maji ni digrii 83. Andika 010C, upate 41 0C 0B 54. 0B54 ni 2900, gawa kwa 4, injini inazunguka mara 725 kwa dakika. Hiyo ni injini iliyotulia vizuri.

Joto la maji pekee limenifichulia magari mengi kuliko kitu kingine. Kuna mazoea huku kwetu ya kung'oa themostati, vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, na kuitupa, eti nchi ni ya joto. Gari la namna hiyo ukilisoma kwenye barabara ya Mbale linakaa digrii 60 au 65, halipandi. Themostati ya Toyota nyingi hufunguka kwenye 82. Injini ikibaki chini ya hapo kompyuta hudhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na mwenye gari anakuja kulalamika kwamba linakunywa. Mrudishie themostati kabla ya kugusa nozeli.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nje hukosea kwetu. Magari yenye sensa ya mgandamizo kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, hujibu 010B. Swichi ON injini imezimwa, sensa inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya nje. Kitabu kitakuambia kilopaskali karibu 101. Hiyo ni Mombasa. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na sensa nzima kabisa itasema 41 0B 58, yaani 88. Kabale itashuka hadi karibu 80. Nimeona sensa nzuri zikitupwa kwa sababu tu fundi aliamini kitabu kuliko mlima.

Sasa turudi kwenye Wish. Kwa P0171 namba za kuangalia ni 0106 na 0107. Hizi ni marekebisho ya mafuta: asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Ya 0106 ni ya muda mfupi, inacheza kila sekunde. Ya 0107 ni ya muda mrefu, ni mazoea iliyojijengea. Hesabu yake: toa 128, zidisha kwa 100, gawa kwa 128. Gari zima hukaa kati ya toa 10 na jumlisha 10.

Injini ikiwa moto, imetulia bila kukanyagwa, nilipata 41 06 8A na 41 07 A6. Muda mfupi jumlisha 7.8, muda mrefu jumlisha 29.7. Ukizijumlisha, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta zaidi ya theluthi moja. Nikamwambia, "Mzee, keti kwenye usukani, kanyaga taratibu hadi 2,500 ushikilie hapo." Jumla ikashuka hadi karibu 9.

Tofauti hiyo ndiyo iliyojibu swali. Marekebisho yakiwa makubwa injini imetulia na yakipungua ukikanyaga, kuna hewa inayojipenyeza mahali ambapo sensa ya hewa haiioni, kwa sababu tundu dogo lina uzito pale tu injini inapovuta hewa kidogo. Yangekuwa madogo imetulia na kukua ukikanyaga, ningekwenda kwenye pampu ya mafuta, kichujio, au sensa ya hewa iliyochafuka. Ukifanya kipimo hiki, utajua uanzie wapi kabla ya kutoa hata senti.

Ili kuyaona bila kuandika amri kila mara, weka Python, lugha ya kuandikia programu, kisha pip install obd, na programu hii fupi:

import obd, time
gari = obd.OBD("/dev/ttyUSB0")
while True:
    a = gari.query(obd.commands.SHORT_FUEL_TRIM_1).value
    b = gari.query(obd.commands.LONG_FUEL_TRIM_1).value
    print(time.strftime("%H:%M:%S"), a, b)
    time.sleep(1)

Kwenye Windows weka COM5 badala ya /dev/ttyUSB0, na ufunge PuTTY kwanza, maana kebo haihudumii wawili.

Nikaweka laptopu juu ya kiti cha abiria, skrini ikitazama mbele, nikaanza kubana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Wa breki, hakuna. Wa tatu, ule mnene mfupi wa kupumulia injini nyuma ya manifoldi, nilipoubana tu namba ya muda mfupi ikaanza kuteremka: 3, toa 9, toa 18, ikatua kwenye toa 25. Muda mrefu ulibaki 29.7 kwa sababu haubadiliki haraka, lakini jumla ilikuwa imebaki 4.7. Nikauachia, ikapanda tena. Nikamwita mzee aje aone kwa macho yake. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa wa urefu wa ukucha, hauonekani mpaka uuvue. Usipulizie petroli wala dawa inayowaka kutafuta tundu la aina hii juu ya injini moto, maana koleo linatosha.

Hatua ya 7: Futa, kisha hakikisha

Baada ya kutengeneza, swichi ON injini imezimwa, andika 04. Jibu ni 44. Amri hii hufuta misimbo, ile picha, na pia majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, kwa hiyo taa kuzimika saa hiyo hakuthibitishi kitu. Gari liende barabarani, lipate baridi na joto, mwendo na foleni. Asisome laptopu anayeendesha. Aketi mtu wa pili, au programu iandike yenyewe.

Mzee alikwenda Mbale akarudi jioni. Nikatuma 07, hakuna msimbo unaonyemelea. Nikatuma 0107, ikajibu 41 07 84. Jumlisha 3.1.