Ukisambaza makala zako kwa fidi ya RSS, Google itakupandisha? Soma hapa kwanza

Hili swali naulizwa sana, hasa na wafanyabiashara wa Kariakoo waliotengenezewa tovuti na kijana fulani halafu wakaambiwa weka fidi, sambaza kila mahali, utapanda Google wenyewe mtashangaa. Jibu la haraka ni kwamba fidi yenyewe haikupandishi hata nafasi moja. Ila ina kazi yake, na usipoiangalia unaweza kukuta makala yako uliyoihangaikia inatokea Google kwa jina la mtu mwingine na wewe huonekani kabisa. Mimi imenikuta.

Tuelewane kwanza fidi ni nini. Ni faili tu linalokaa kwenye tovuti yako likiwa na orodha ya makala zako mpya, kila moja na kichwa chake, linki yake, tarehe, na maandishi yenyewe, ama yote ama kipande. RSS ilianza 1999 kule Netscape, na toleo la 2.0 ambalo wengi tunatumia mpaka leo lilitoka 2002, kwahiyo sio kitu kipya. Kama tovuti yako ni ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, tayari unayo hata kama hujawahi kuigusa, andika anwani ya tovuti yako ongeza /feed/ mwishoni utaiona, makala 10 za mwisho, na kama hujabadilisha kitu basi zimo nzima nzima kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Hapo kwenye nzima nzima ndipo balaa linapoanzia, nitarudi.

Google inaitumiaje? Inaitumia kujua kuna kipya. Saitimapu, yaani faili la ramani ya tovuti, inaiambia kurasa zako zote ni zipi, fidi inaiambia leo kimeingia nini, na Google wenyewe 2014 walishauri tuwe navyo vyote viwili. Ingia Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya Sitemaps, weka wp-sitemap.xml (saitimapu ya WordPress) halafu chini yake weka feed/, imeisha hiyo, dakika mbili. Faida yake ni makala kugundulika mapema, lakini kugundulika mapema na kukaa juu ni vitu viwili tofauti. Chukulia mnada wa samaki pale Feri, ukiwahi alfajiri samaki wako wataonekana na wanunuzi, sawa, ila bei watapanga kwa kuangalia samaki mwenyewe.

Sasa nisimulie yaliyonikuta. Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Gerezani na tovuti yake naishughulikia mimi. Niliandika makala kuhusu ukuta unaotoa chumvi, ile unga mweupe unaobandua rangi kule chini karibu na sakafu, watu wa Kigamboni wanalijua vizuri hili tatizo, unapaka rangi mwezi wa sita Desemba imeshachubuka. Nilikaa na mafundi siku mbili, nikaandika kwanini unatakiwa upige brashi kavu kwanza na usimwagie maji (maji yanaiyeyusha ile chumvi inarudi ndani ya ukuta), kwanini usipake kabla hujajua unyevu unatokea wapi, picha nikapiga mwenyewe, mkono wa mjomba umeshika brashi ya waya. Baada ya siku kama nne nikachukua sentensi moja ya katikati nikaitafuta Google. Ikaja tovuti kubwa moja inayokusanya makala za watu kupitia fidi. Makala yote, neno kwa neno, na mkono wa mjomba juu yake! Yetu ilikuwa imefichwa, mpaka ubonyeze kule chini kuomba matokeo yaliyorukwa ndiyo inatokea.

Niliumia sana, nikadhani tumepigwa adhabu. Haikuwa adhabu. Google ikikuta maandishi yaleyale kurasa mbili inachagua moja ya kuonyesha, na ile tovuti kubwa roboti wa Google, yaani programu yake inayokagua kurasa, anapita pale kila saa wakati kwetu alikuwa anapita akijisikia, kwahiyo aliikuta kule kwanza, na fidi yetu nzima nzima ndiyo iliyowapelekea.

Kwahiyo fanya hivi. Ndani ya WordPress nenda Settings, halafu Reading, pale panapouliza kwenye fidi iwekwe nini chagua Excerpt (kipande) badala ya Full text (makala nzima). Najua wapo wasomaji wanaopenda kusoma kila kitu ndani ya programu zao za fidi bila kufungua tovuti, nawaheshimu, lakini kama una tovuti ndogo ya biashara kama ya mjomba mimi msimamo wangu ni kipande tu. Na hicho kipande kiandike mwenyewe kwenye kisanduku chake, maana ukiacha WordPress ikate yenyewe inachukua maneno 55 ya mwanzo, na wengi wetu maneno 55 ya mwanzo ni salamu tu. Andika kitu kitakachomfanya mtu abonyeze.

Pili, ukishachapisha tu nenda Search Console, bandika linki ya makala kule juu, omba iingizwe. Haiahidi kitu lakini unampa Google nafasi ya kufika kwako kabla ya wabebaji. Fundi wako wa tovuti anaweza pia kuichelewesha fidi masaa kadhaa ili makala ikae kwako kwanza, mwambie.

Tatu, mwisho wa kila kipande kwenye fidi weka linki ya kurudi kwenye makala halisi, plagini ya Yoast, kiongezi cha WordPress, ina sehemu ya hiyo kazi. Anwani iwe kamili kuanzia https, usiweke ya nusu, maana ikishatoka kwako ya nusu haifiki popote. Ila usitegemee hizo linki kukubeba, tovuti nyingi kubwa zinaziwekea nofollow, alama ya kuiambia Google isizihesabu, na ukizijaza maneno kama bei nafuu rangi Dar es Salaam kila mara Google wanaona ni ujanja.

Kama una makubaliano na tovuti kubwa ya kubeba makala zako nzima, hapa ndipo uwe makini kuliko kote. Waombe waweke tagi ya noindex kwenye nakala yao, wasomaji wao wataisoma kama kawaida ila Google haitaiorodhesha. Zamani tulikuwa tunaambiwa rel=canonical inatosha, ile tagi ya kuonyesha makala ya asili iko wapi, ipo toka 2009, lakini 2023 Google walibadilisha ushauri wakasema kwa makala zilizosambazwa ni bora mbebaji azuie nakala yake kabisa. Wakikataa noindex, na wengi watakataa kwasababu wanataka haohao watu wa Google, basi usiwape makala nzima, waandikie toleo lingine fupi lenye linki ya kuja kwako. Na makubaliano yaandikwe jamani, sio sauti ya WhatsApp.

Na kinyume chake, kuvuta fidi za wengine ili tovuti yako ionekane imejaa, achana nako kabisa. Ni kazi ya watu unabeba, na toka Februari 2011 Google walipoleta Panda, mabadiliko ya kushusha tovuti zenye makala duni, tovuti za namna hiyo ndizo zinazoshushwa.

Faida ya kweli ya fidi iko kwa watu. Iunganishe na barua pepe kwa wateja wako au chaneli ya Telegram, kila makala ikitoka inawafikia bila wewe kutuma kwa mkono. Sisi wateja wa mjomba walianza kulitafuta duka kwa jina lake.

Kila baada ya wiki moja rudia ile kazi, chukua sentensi ya katikati ya makala, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute. Halafu Search Console angalia ukurasa ambao Google imeuchagua kuwa ndio wa asili. Ukiona sio wako waandikie waliobeba, kwa heshima, na linki ya kwako na tarehe uliyochapisha. Wale wa ukuta wa chumvi niliwaandikia hivyo, wiki mbili wakaitoa, na makala ya mjomba ikarudi mahali pake.