Kuchora bango la turubai la sarakasi, lile linasimamisha watu njiani

Kama uko na shoo ya sarakasi, ama hata tamasha ya shule tu hapo mtaani, na unataka watu wasimame kabla hata hawajauliza tiketi ni pesa ngapi, achana kwanza na bango la kuprinti na uchore turubai kwa mkono. Nairobi tuko na mafundi wa kutosha, wale wanapaka matatu na kuta za maduka wana mkono wa hii kazi kabisa.

Hii kitu ni ya zamani. Kwa mchoro wa William Hogarth wa soko la Southwark huko London, wa 1733, unaona vitambaa vimechorwa vikatundikwa juu ya vibanda vya michezo. Wamarekani ndo waliipanua. Kando ya tenti kubwa ya sarakasi kulikuwa na tenti ndogo ya mla moto, mmeza panga, watu kama hao, na nje wanatundika mabango kwa mstari, mara nyingi kila moja kama futi 8 kwa 10, yakishikana yanakuwa ukuta, na huo ukuta unamzuia asiyelipa asichungulie, saa hiyo hiyo unamwambia kuna nini ndani. Fred G. Johnson wa Chicago (1892–1990) alizichora miaka mingi sana, na kwangu hakuna aliyejua rangi ya machungwa kumshinda.

Sasa yako. Bango moja, mtu mmoja, jambo moja. Chukua dada wa kupinda mwili: mchore akijaza turubai karibu yote, alafu pale chini kwa kona weka watu wadogo wameshika mdomo wakimwangalia. Hao wadogo usiwaache, wale wachoraji wa zamani waliwatumia sana, ndo wanafanya huyo dada aonekane mkubwa na wanamwonyesha mpita njia vile atashtuka akiingia. Juu jina kwa herufi nene, neno moja ama mawili, na kando duara jekundu limeandikwa LAIVU. Nyuma ya huyo mtu, ile nafasi yote iliyobaki, paka manjano ama machungwa, mtu umzungushie laini nyeusi nene kama kidole gumba, halafu vuka barabara uangalie. Kama hujaelewa ni nini anafanya, punguza vitu, usiongeze.

Turubai iwe ya pamba, ya plastiki hapana, uliza mafundi wanaoshona tenti. Ipigilie kwa fremu ya mbao ikazwe vizuri, iloweshe maji, paka wanga mwepesi, chora kwa makaa, ndo uje na rangi ya mafuta iliyolainishwa na mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani. Rangi iwe NYEPESI. Hapa ndo watu wengi huharibu, wanapaka nzito kama ya geti, na bango la sarakasi linakunjwa leo Ngara kesho Jamhuri Park, rangi nzito inapasuka yote. Jaribu kwa kipande kando: ikikauka ikunje mara kadhaa, ukiona nyufa ongeza mafuta. Ukimaliza viringisha kwa bomba, upande wenye rangi ukae nje. Na vile vitambaa vya kufutia linsidi usivirundike kwa kona ya kibanda cha mabati, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, vitandaze nje vikauke.

Kuna jambo moja la wale wachoraji wa zamani sitaki mtu aige. Mabango mengi yalimchora Mwafrika kama mnyama wa porini, na mtu mwenye ulemavu kama kioja, na hao walikuwa watu wa kweli wamekaa hapo ndani ya tenti. Chora kile mtu anaweza kufanya. Wale vijana wanaofanya mazoezi Sarakasi Dome pale Ngara wanapanga piramidi ya watu, kuna wa kuruka pete na wa kutembea kwa mikono, na kila mmoja wao anatosha bango lake. Kabla hujashika makaa mwite mwenyewe asimame mbele yako, akuonyeshe pozi anayoipenda.