Simu inachaji ila Linux haiioni? Anza na waya
Wale wa Linux (mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows), jana nimehangaika hapa Area D simu inachaji fresh tu ila laptop haiioni, kumbe waya. Kabla hujaanza kufuta madude fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri) andika sudo dmesg -w, inakuonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, halafu ndo uchomeke, kama hakuna mstari mpya unaotokea basi huo waya kuna uwezekano mkubwa ni wa kuchajia tu, hauna zile nyaya mbili za data (hizi za bei chee za stendi nyingi ndo zilivyo), badili. Ikitokea "New USB device found" waya mzima, rudi kwenye simu uchague kuhamisha faili. Ila tundu la simu likijaa vumbi letu hili la Dodoma, hata waya mzuri utauona mbovu, lisafishe kwanza.