Saa ya betri ya bei poa: namna ya kuinunua na kuivaa ikakaa

Wakuu, hizi saa za mkono za betri, zile zimeandikwa Quartz usoni, watu wanazisema vibaya sana lakini nyingi zinauliwa na maji na betri za ovyo, mashine yenyewe haina neno.

Ukiwa sokoni Makoroboi hapa Mwanza usibebwe na kung'aa. Zile za uso wenye visaa vidogo vitatu ndani, mara nyingi kwa bei chee ni picha tu, bonyeza vitufe vya pembeni uone kama kuna kinachosogea. Mimi ningekwambia chukua ya mishale mitatu basi, au Casio F-91W ambayo ipo tangu 1989 na betri yake inahesabiwa miaka 7 hivi. Feki zake zimejaa, we bonyeza kitufe cha kulia ushikilie kama sekunde 3, orijino inaandika CASIo kwenye kioo, isipoandika mrudishie mwenyewe.

Sasa maji, na sisi tunaishi na ziwa mlangoni. Ikiandikwa 30M au 3 bar haimaanishi uzame nayo mita 30, hiyo ni ya manyunyu na kunawa mikono tu, kama unaenda kuosha dagaa soko la samaki Mwaloni au kuoga ziwani ivue uweke mfukoni. Ya kuogelea anzia 10 bar, na hata hiyo usibonyeze vitufe ukiwa majini. Ukiona ukungu ndani ya kioo peleka kwa fundi siku hiyohiyo afungue mfuniko ikauke, usiianike juani ukasubiri, kutu haisubiri.

Betri ndo penyewe. Saa nyingi ndogo za mishale zinakula namba 377, ndo hiyohiyo SR626SW, ya silva, volti 1.55. Fundi anaweza kukutolea AG4 kwenye ile kadi ya betri nyingi, saizi ni moja na saa itatembea, ila hiyo ni alkalaini, nguvu yake inashuka mapema na ni nyepesi kuvuja. Kwahiyo simama hapohapo mezani uangalie, aitoe kwenye pakiti mbele yako, aishike kwa kibano cha plastiki, na kabla hajafunga mwambie aangalie kile kiraba chembamba cha mfuniko, kama kimekatika au kimelala vibaya hata ile 3 bar imeshakufa. Saa zingine betri ikikaribia kuisha mshale wa sekunde unaruka mbilimbili au nnenne, hapo wahi. Ikishazima usiitupe droo na betri yake ndani, betri itavujia ile saketi.

Majira chukua kwenye simu. Ikikosea sekunde 15 mpaka 30 kwa mwezi ni kawaida, usimsumbue fundi. Yenye tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu na saa tisa usiku maana meno ya tarehe yanakuwa yameshaanza kuvutana, na kama tarehe inageuka saa sita mchana zungusha mishale masaa 12 mbele. Usiilaze juu ya sabufa pia, sumaku inaisimamisha.

Mkanda wa ngozi kwa jasho la huku unanuka haraka, vaa wa raba au nailoni, uoshe kwa mswaki na sabuni. Ukinunua mwingine pima kwanza upana pale unapoingilia, nyingi za kiume ni milimita 18, 20 au 22.