Kuchora safari ya jangwani bila kuchanganya Sini na Sini

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili alinionyesha ramani aliyowachorea watoto ya safari ya Waisraeli kutoka Misri hadi Kanaani. Mstari wake ulitoka kituo kiitwacho Elimu ukapaa hadi Kadeshi, ukashuka Sinai, kisha ukapanda Kadeshi tena. Nilicheka, maana kosa hilohilo la kuchanganya majangwa mawili yenye jina moja liliwahi kunilia Jumamosi nzima.

Hatua ya 1. Anza na kitabu cha Hesabu, sura ya 33, si kitabu cha Kutoka. Ile ni orodha ya vituo: wakasafiri, wakapiga kambi. Andika kila kituo na aya yake kwa penseli. Ramani za nyuma ya Biblia achana nazo kwanza. Ule mstari mwekundu mnene unakufanya uamini kila kituo kinajulikana kilipo.

Hatua ya 2. Weka alama kwenye vituo vyenye ushahidi wa mahali vilipo. Ramesesi ni Qantir, mashariki mwa Delta ya Nile. Punoni ni Feinan huko Yordani, penye machimbo ya kale ya shaba. Diboni ni Dhiban, lilipoonekana jiwe la Mesha mfalme wa Moabu mwaka 1868. Kadeshi wengi huiweka Ain el-Qudeirat, penye chemchemi kubwa. Jebel Musa ni mlima Sinai kwa mapokeo, kwa hiyo itie alama ya kuuliza. Dofka na Alushi ziache bila mahali, maana hazijulikani zilipo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo pa kutulia. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, kuna majangwa mawili na yote yameandikwa Sini. Kiebrania kinayatofautisha kwa herufi ya kwanza: moja ni sameki, jingine ni sade. Sisi masikio yetu yanasikia "s" tu. Sini ya kwanza (Kutoka 16:1, Hesabu 33:11) iko kati ya Elimu na Sinai. Ya pili (Hesabu 20:1, Hesabu 33:36) ndiyo Kadeshi, kaskazini kabisa, mlangoni mwa Kanaani. Usiamini jina, angalia jirani yake. Ukikuta Elimu au Refidimu karibu, uko kusini. Ukikuta Kadeshi au Edomu, uko kaskazini.

Na ukidhani umepona, kuna Meriba. Ziko mbili nazo, na zote mwamba unatoa maji: ya Refidimu (Kutoka 17:7) na ya Kadeshi (Hesabu 20:13). Hii ndiyo iliyonimaliza mimi. Niliunganisha Sini na Meriba nikaona zinakubaliana, kumbe nimeoanisha Sini ya kusini na Meriba ya kaskazini. Kumbukumbu 32:51 inasaidia, maana inasema waziwazi "Meriba ya Kadeshi". Siku hizi natumia kalamu mbili, nyekundu kwa kusini na kijani kwa kaskazini, kabla sijagusa ramani.

Hatua ya 4. Pima kwa siku. Kumbukumbu 1:2 inasema Horebu (jina jingine la Sinai) hadi Kadesh-barnea (Kadeshi ileile) ni siku 11. Jebel Musa hadi Ain el-Qudeirat ni kama kilomita 240 kwa mstari ulionyooka, yaani 22 hivi kwa siku. Inawezekana kwa miguu, ila makorongo yataongeza.

Hatua ya 5. Chora kwa nukta. Ukifika Hesabu 33:31 uwe na Kumbukumbu 10:6 wazi pembeni: mpangilio wa vituo vya Moserothi na Bene-yaakani umegeuzwa. Mimi huchora njia zote mbili, nikaandika aya juu ya kila moja.