Jinsi ya kukadiria umbali na saa za safari ya ndege kutoka Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi) hadi Guangzhou, China

Tazama tiketi ya Lubumbashi–Kinshasa: kwenda inaonekana kama saa moja na dakika ishirini hivi, kurudi zaidi ya saa tatu. Njia ni ileile, karibu kilomita 1,550. Kinachodanganya ni saa ya ukutani, maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou, pengo hilo ni saa sita, Guangzhou ikiwa mbele. Mimi hukatia watu tiketi hapa Lubumbashi, na hesabu hii naifanya kabla mteja hajatoa pesa.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja. Luano ni -11.59 na 27.53 (kusini huwekewa alama ya kutoa). Addis Ababa, ambako unabadilisha ndege, ni 8.98 na 38.80, Guangzhou ni 23.39 na 113.30.

Hatua ya 2. Fungua kalkuleta ya simu yenye sin na cos, uiweke kwenye digrii. Ikibaki kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), utapata majibu ya ajabu. Andika:

acos(sin A × sin B + cos A × cos B × cos L)

A na B ni latitudo mbili, L ni tofauti ya longitudo, na acos ni kinyume cha cos (kalkuleta nyingi huiandika cos⁻¹). Jibu lizidishe kwa 111.2, ambazo ni kilomita za digrii moja, pungufu kidogo ya barabara ya kutoka hapa Lubumbashi kwenda mji wa Likasi.

Luano–Addis Ababa inatoka karibu kilomita 2,600, Addis Ababa–Guangzhou 8,040. Jumla 10,640. Mstari wa moja kwa moja ungekuwa 10,090, kwa hiyo kupitia Addis Ababa kunaongeza 550 tu. Anayepitia Johannesburg anashuka kusini kwanza, halafu anavuka bahari: zaidi ya 12,200. Tiketi hiyo ikiwa nafuu kidogo tu, mimi siipendekezi.

Hatua ya 3. Gawa kila kipande kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Utapata saa tatu na nusu, kisha kama saa kumi.

Hatua ya 4. Sasa pima tiketi yenyewe. Saa zote zilizoandikwa ni za mahali ndege ilipo. Tuseme unatoka Luano Jumatatu 14:00, unafika Guangzhou Jumanne 13:00. Hiyo ni saa 23. Toa 6, zinabaki 17. Angani ni kama 13 na nusu, basi kusubiri Addis Ababa ni saa tatu na nusu. Hapo sawa. Kusubiri kukizidi saa nane, uliza mapema kuhusu hoteli na viza.

Kurudi, unajumlisha zile 6 badala ya kuzitoa. Ulaya ni kesi nyingine: Brussels ina saa sawa na Lubumbashi majira ya joto, ila majira ya baridi iko nyuma kwa saa moja.

Hatua ya 5. Kwa kipande kirefu cha kurudi ongeza nusu saa au zaidi, hasa Desemba hadi Februari, kwa sababu upepo mkali wa juu huko Asia huvuma kutoka magharibi na ndege inaukabili.